Ampea Tisa Kiganjani

Wiki mbili baada ya kukabidhi funguo za kabati, mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza kama ile tochi nyeusi iliyoning'inia kwenye msumari kando ya dirisha inaweza kutupwa, maana haiwaki na imeanza kushika kutu. Nilimwambia akiitupa nitarudi kazini. Alicheka. Mimi sikucheka, na nilipokata simu niliona haya, kwa sababu kwa miaka yote tuliyokaa pamoja nimekuwa nikiwaambia msiiguse bila kuwaambia kwa nini. Basi kaeni chini niwaeleze.

Mambo ya vyeo na mishahara tuyaache, ofisi ina faili. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilitoka Bondo na cheti changu cha ufundi umeme ndani ya mfuko wa plastiki, na viatu ambavyo havikufaa kabisa sakafu yenye maji. Karakana ya kituo chetu cha uokoaji ilikuwa pale pale mnapoijua, nyuma ya mahali boti zinapovutwa juu kusuguliwa, ila wakati huo haikuwa na dirisha la upande wa ziwa. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Okelo. Nilimkuta anakula mahindi ya kuchemsha. Alikiangalia cheti changu pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu, akakirudisha, akanisukumia beseni lenye tochi kumi na moja zilizojaa mchanga.

"Osha," akasema. "Halafu uniambie gani imekufa na gani imechoka."

Sikujua kwamba kuna tofauti. Chuoni tulifundishwa kwamba kitu kinawaka au hakiwaki. Ilinichukua karibu mwezi mzima kujua kwamba tochi iliyochoka ni hatari kuliko iliyokufa, kwa kuwa iliyokufa hakuna mtu ataingia nayo majini.

Tochi za siku hizo zilitumia mawe, yaani betri kavu, yale makubwa, manne kwa safu, na mwanga wake ulikuwa rangi ya chai ya mtu aliyeishiwa na maziwa. Wazamiaji wetu walikuwa wakiingia chini ya ziwa kutafuta injini iliyoanguka, kukata wavu ulionasa propela, na siku mbaya kutafuta mtu. Maji yetu hapa mnayajua. Hata saa sita mchana, ukishuka kidogo tu humwoni mwenzako, na pakiwa na magugu maji juu ndiyo usiseme, chini kunakuwa giza tupu. Kulikuwa na mzamiaji mmoja kijana, Ouma, mtu wa Usenge, mwembamba na mwenye maneno mengi. Nilipomuuliza tochi inamsaidia vipi huko chini alinijibu, "Naenda nayo tu ndio nisijisikie niko peke yangu." Kazi yenyewe aliifanya kwa kupapasa.

Mzee Okelo aliniita Nyar Bondo, yaani binti wa Bondo, na jina hilo likanishika mpaka nikawa na wajukuu. Alikuwa na taratibu mbili ambazo hakuna aliyezivunja akiwa anaangalia. Ya kwanza ni kadi. Kila kitu kinachoingia majini kifungwe kadi kwa uzi mwekundu, na kwenye kadi pawe na jina la aliyekipima. Sahihi alizikataa. Alisema sahihi inaweza kuwa ya mtu yeyote, andika jina ambalo mama yako alikupa. Ya pili ni kushika. Ukishapima kwa mita, ondoa mita, funga kila kitu kama mzamiaji atakavyokifunga, washa, kisha ukishike kiganjani kwa muda wote ambao mzamiaji atakaa nacho chini. Kama ni nusu saa, nusu saa. Hapo ndipo uandike kadi.

Nawaambia ukweli, hiyo ya pili ilinichosha. Mnaweza kuona picha yenyewe: mtu mzima mwenye cheti ameketi kwenye kiti cha mbao ameshika tochi inayowaka mchana, kama anayesubiri umeme upotee. Wavuvi waliokuwa wakipita walinisalimia kwa huruma.

Kisha zikaja zile za LED, na betri za lithiamu.

Siku zilipofika tulifunga mlango wa stoo ili tuzione vizuri. Tulikuwa watu wazima wanne gizani, Ouma akiwa mmoja wao, tumesimama kati ya makoti ya kuokolea maisha na makopo ya rangi. Nilibonyeza swichi. Ukuta wote uliruka mbele yetu, na misumari yake na buibui wake, na vumbi ambalo sote tulidhani tumelifagia. Niliweka kiganja changu mbele ya kioo na vidole vikawa vyekundu, nikaiona damu yangu mwenyewe ikiwa mwilini. Nimeona mambo mengi katika kazi hii lakini siku hiyo nilihisi kama niko kanisani. Mzee Okelo alivua kofia. Alidai baadaye kwamba ni joto.

Tulipotoka nje alifungua kifuniko cha nyuma akaitoa betri, moja tu, nene kidogo kuliko kidole gumba, akaigeuzageuza.

"Sasa hii nguvu yote inakaa wapi?"

"Ndani, Mzee."

"Najua ni ndani. Nauliza inakaa vipi bila kulalamika."

Mpaka leo nikiishika moja ya betri hizo swali lake linanirudia. Mawe yale ya zamani yalikuwa yakitoa umeme wake polepole, kama bibi anayehesabu dawa. Hizi mpya ukizifungulia mlango zinatoka zote mbio. Wiki hiyo hiyo niligusisha kipande cha waya mwembamba kwenye ncha mbili za betri, kwa udadisi tu. Waya uligeuka mwekundu ukakatika kabla sijavuta pumzi, na ukaniachia harufu ya nywele za mkono zilizoungua. Sikumwambia Mzee. Aliinusa mwenyewe alipoingia, akafungua mlango, akaendelea na shughuli zake.

Kazi ya wazamiaji ilibadilika. Ouma alipopanda juu mara ya kwanza na tochi ile alikaa ukingoni mwa boti muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa. Tulipomuuliza akasema ameona samaki akimwangalia. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba wanaangalia.

Sasa tufike kwenye kosa langu. Nitalieleza polepole, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kulifanya kesho.

Betri zilizokuja na tochi zilizeeka. Ofisi ilisema nyingine zinakuja, na ofisi ikisema hivyo mnajua. Mimi nilikuwa na rafiki mtaani Manyatta anayetengeneza laptopu, na ndani ya betri ya laptopu iliyokufa huwa kuna betri ndogo sita, umbo lile lile la betri ya tochi, na mara nyingi ni mbili tu ndizo zimekufa. Nne ni nzima. Alinipa mfuko mzima. Nilizipasua, nikazipima moja moja, nikachagua mbili zilizonipendeza, nikaziweka kwenye tochi mbili. Zilikaa sawasawa na zikawaka. Nilijiona mjanja sana.

Lakini kuwaka hakukunitosha, nilitaka kujua tochi inavuta umeme kiasi gani. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikachukua ile mita yetu ya manjano, waya mmoja nikagusa nyuma ya betri, mwingine nikagusa ukingo wa tochi, ili umeme wote upitie kwenye mita. Ikasoma ampea tatu. Betri ya laptopu kutoa ampea tatu ni kazi ya kawaida. Niliacha hivyo hivyo kwa nusu saa nzima, mita ikiwa katikati, na tochi haikupata hata joto la mkate. Nilifanya na ya pili, ikawa vile vile. Nikazichaji upya, nikachukua uzi mwekundu.

Mzee Okelo alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua na kila mtu alijua anakaribia kwenda nyumbani, na wa kushika nafasi yake ni mimi. Aliuliza bila kugeuka.

"Nyar Bondo, umeishika?"

"Nimeipima, Mzee. Nusu saa nzima."

"Sikuuliza hiyo."

"Nina kazi zingine, Mzee."

Nikaandika jina langu, Anyango, kwenye kadi zote mbili.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, tuliitwa. Boti ya abiria iliyokuwa ikitoka visiwani ilikuwa imekwama nje kidogo ya mji, magugu maji yameizunguka pande zote, na wavu wa kuvulia umejisokota kwenye propela. Abiria walikuwa ndani, na watoto, na kuku wa watu. Upepo ulikuwa ukiyasukuma magugu yazidi kukaza. Nilipanda boti yetu ingawa sikuwa na shughuli huko. Nilitaka kuona tochi yangu ikifanya kazi. Mzee Okelo naye akapanda, labda kwa sababu hiyo hiyo, labda kwa sababu tofauti kabisa. Ouma alifunga kamba kiunoni, akakagua mtungi wa hewa, akachukua tochi ya kwanza na kisu. Ya pili ilibaki kwenye begi langu kama ya akiba. Akapita kwenye tundu tulilolifungua kwa panga na kasia, akapotea.

Kwa dakika chache za kwanza niliona mwanga wake ukitembea chini ya majani, kijani kibichi, kama kuna mtu anabeba mchana wake mwenyewe huko chini. Nilijivuna. Kisha mwanga ukawa wa njano. Kisha haukuwepo.

Nahodha wetu ndiye alikuwa ameshika kamba. Alingoja kidogo, akavuta kumuuliza Ouma kama yuko salama, kama ilivyo kawaida yetu: unavuta mara mbili, wa chini anajibu mara mbili. Kamba ilikuja nyepesi. Aliivuta yote mpaka mwisho wake ukatoka majini, umekatwa safi kwa kisu. Baadaye Ouma alitueleza kwamba taa ilizima akiwa katikati ya wavu, akaendelea kukata kwa kupapasa kama zamani, na moja ya nyuzi alizozikata ilikuwa kamba yake mwenyewe.

Mtu akiwa chini ya magugu bila kamba na bila mwanga hajui tundu liko wapi. Akipanda juu anakutana na mizizi, na mizizi ya magugu maji inashika mtu kama nywele zinavyoshika kitana. Hewa ya mtungi wake ilikuwa ya robo saa hivi, na sehemu ilikuwa imekwisha. Niliyajua hayo yote kwa wakati mmoja, na nilijua pia jina lililoandikwa kwenye kadi.

Nililala kifudifudi ukingoni mwa boti, nikaitia tochi ya pili kwenye tundu, kichwa chini majini na mkia ukiwa mkononi mwangu, nikaiwasha mpaka mwisho. Maji yale ya matope yaliwaka. Niliona mizizi ikining'inia, mingi, inameremeta, na chembe za udongo zikielea kama unga, na mwanga ukaendelea kwenda chini, chini, hadi nisipoweza kuufuata. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo nikiwa na hofu namna hiyo. Na hapo hapo mkia wa tochi ukaanza kunichoma kiganja.

Sikuiachia. Mzee Okelo alipiga magoti kando yangu akaweka mkono wake juu ya wangu, akaugusa mkia kwa kidole.

"Zima."

"Nizime vipi, Mzee, na mtu yuko chini?"

"Zima, Nyar Bondo. Hii itakufa kama ile. Zima ipumzike, halafu uwashe. Hesabu nne, zima. Hesabu kumi, washa."

Nikazima. Nafikiri hakuna jambo gumu nimewahi kufanya kwa mikono yangu kuliko kubonyeza swichi ile. Nikahesabu kumi gizani, ingawa jua lilikuwa linanichoma mgongoni. Nikawasha, moja, mbili, tatu, nne. Nikazima. Kila nilipozima nilisikia joto likirudi nyuma kidogo, na kila nilipowasha nililisikia likija mbio, kana kwamba mtu amesimama nyuma ya mlango. Ule ulikuwa umeme wenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi nao maisha yangu yote na ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naushika. Abiria wa ile boti nyingine walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, na mimi nikawa nahesabu ndani ya wimbo wao. Sijui niliwasha mara ngapi. Mwanga ulianza kupungua, ukawa wa njano kidogo, nikaanza kumwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika.

Kisha kitu kikaishika tochi kutoka chini.

Tulimvuta Ouma kwa mikono miwili na ukosi wa vazi lake. Alitapika maji, akalala chali kwenye sakafu ya boti akiangalia mbingu. Ilipomjia sauti alisema, "Niliona jua linafungwa na kufunguliwa. Nikafuata." Baadaye kidogo akaongeza, "Tochi ya Anyango." Akanishika mguu kwa shukrani, na mimi nikaangalia upande.

Jioni hiyo Mzee Okelo aliifungua tochi ya kwanza mezani. Ouma alikuwa amerudi nayo imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Springi ya nyuma, ile inayoisukuma betri, ilikuwa imelala bapa, nyeusi, haina tena nguvu ya kusimama. Plastiki ya swichi ilikuwa imeyeyuka kuizunguka. Umeme haukuwa na pa kupita. Kwa kuwa ziwa linapoza tochi kwa nje, mkono wa Ouma haukuhisi kitu.

Mzee hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliazima kwa fundi mmoja wa sola mjini mita yenye mdomo kama koleo, ile unayoubana juu ya waya bila kuukata. Akachukua kipande cha waya mnene wa shaba, kifupi kama kidole, akaunganisha nyuma ya betri na ukingo wa tochi ya pili, akaweka betri mpya aliyoitoa sijui wapi, akabana koleo juu ya shaba. Ampea tisa.

"Rudisha ile yako," akasema. Nikaweka mita ya manjano na zile waya zake nyembamba. Tatu.

Nilielewa nikiwa nimesimama. Umeme mwingi namna hiyo ni kama watu wengi wanaotaka kutoka mlango mmoja. Waya za mita yetu ni nyembamba, na ndani ya mita mna fyuzi nyembamba zaidi, kwa hiyo mita ilikuwa inaikaba tochi koo, kisha inanipa taarifa kwamba tochi haina pumzi. Nilipoiondoa, tochi ikapumua. Nilikuwa nimempa Ouma kitu ambacho sikuwahi kukipima hata dakika moja.

Mzee akachukua chaki akaandika mezani, tatu, na chini yake tisa. "Mkondo umezidi mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na joto la springi?"

Nikataka kusema mara tatu. Kisha nikakumbuka chuo. Mkondo ukizidi mara tatu, joto linazidi mara tisa. Tatu mara tatu. Pasi ya nyumbani haivuti ampea tisa, nanyi mnajua waya wa pasi ulivyo mnene. Volti ni chache, ndiyo, lakini springi haijui volti, inajua ampea zinazopita juu yake. Na betri ya laptopu haikuzaliwa kukimbizwa. Imezoea kunywewa polepole siku nzima. Niliangalia kile kipande cha chuma kilicholala bapa, nikashangaa, nawaambia nilishangaa kabisa, kwamba vitu vikubwa namna hii vinatokea ndani ya bomba la urefu wa kiganja, na vinafuata hesabu ya darasani bila kukosea, awepo mtu wa kuvitazama au asiwepo.

Usiku ule niliandika barua ya kuacha kazi. Niliitia mfukoni mwa koti la kazi na nilikuwa nayo siku tatu. Siku zote hizo watu waliendelea kunipongeza, na mimi niliendelea kunyamaza. Hilo pia liandikwe.

Siku ya nne alikuja mama yake Ouma kutoka Usenge. Sote tulimwita Min Ouma, kama ilivyo heshima. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, na begani mfuko wa omena kavu, yaani dagaa wa ziwani, omena safi ile inayolia mkononi. Alisimama katikati ya karakana.

"Anyango wa tochi ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Erokamano. Asante." Akanishika mikono yote miwili. "Mtoto anasema wewe ndio ulimwashia. Nimekuletea kitu kidogo." Kisha akawageukia wengine, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Na ile ilizima? Huyo aliyeitengeneza, wamemfukuza?"

Kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni. Mzee Okelo alikuwa mlangoni na hakugeuka.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Ile iliyozima pia ni yangu. Nilipima vibaya."

Aliniachia mikono. Aliketi kwenye kile kiti cha mbao, mfuko mapajani. Nilitoa barua mfukoni nikamwonyesha, nikamwambia nimeshaandika, naondoka.

"Sijui kusoma Kiingereza," akasema. "Wewe unajua kwa nini ilizima?"

"Najua."

"Unajua kweli ama unanijibu tu?"

Nikachukua tochi ya pili, nikaifunga bila mita, nikaiwasha mpaka mwisho, nikampa aishike kwa mkia. Aliangalia mwanga ule ukutani kwa mshangao ule ule tuliokuwa nao sisi stooni. Ulipita muda mfupi. Akaanza kuhamisha vidole. Kisha akaiweka mezani haraka na kupuliza kiganja.

"Inachoma."

"Hivyo ndivyo ilivyozima, Mama. Nilitakiwa niishike kabla ya kuandika jina langu. Sikuishika."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa yamechoka.

"Basi wewe usitoke," akasema. "Wakileta mwingine, huyo atajifunzia kwa mtoto wangu."

Akafungua mfuko, akaomba karatasi, akagawa omena katikati kwa mikono yake, kwa makini, hata zilizomwagika akazirudisha kila moja upande wake. Nusu akanisukumia. "Hii ni ya tochi ya pili." Nusu akaifunga akaitia begani. "Ya tochi ya kwanza narudi nayo." Na akaenda.

Barua niliwashia jiko. Mzee Okelo alitundika ile tochi iliyokufa msumarini na kadi yenye jina langu, uzi mwekundu na kila kitu, na tulipotoboa dirisha akaihamishia hapo penye mwanga. Uzi umeoza na kadi imeliwa na unyevu, ndiyo maana hamjaliona jina. Tulianza kulehemu waya wa shaba kwenye kila springi, toka chini mpaka juu, ili umeme upite kwenye shaba, kama mnavyofanya sasa mkidhani ni mtindo wa karakana tu. Mzee alistaafu, baadaye tukamzika. Mimi nilikaa kwenye kiti chake nikashika tochi kiganjani miaka hiyo yote, nanyi mkazoea, mkawa mnanitania kwamba naota moto.

Juzi, baada ya ile simu yenu, nilikwenda Usenge. Min Ouma amekuwa mzee sana, lakini nilimkuta anageuza omena juu ya wavu akiwa ameinama. Nilimsalimu, nikamwambia nimestaafu.

"Nani amekuruhusu?"

"Miaka, Mama."

"Ouma bado anaingia kwa maji. Anafundisha hao vijana wengine, lakini bado anaingia." Akanyoosha mgongo. "Na nani amebaki huko anayejua?"

Nilifungua mdomo nitaje jina la mmoja wenu, na sikuweza kulitaja hata moja. Mnajua kupima vizuri kunishinda. Mna mita za koleo tatu. Lakini nilisimama pale juani na sikuweza kumwambia mama wa mtu kwamba fulani anajua.

Alinisubiri, kisha akarudi kwenye omena yake. "Nusu ile bado iko," akasema. "Kila mwaka naweka mpya. Mtu akuje aniambie kwa nini tochi ya mtoto wangu ilizima, asiwe wewe, nitampa."

Kwa hivyo tochi iondoeni msumarini, muifungue, muione springi yake. Kisha washeni nyingine, nzima, bila mita, na kila mmoja aketi nayo kwenye kile kiti nusu saa. Njia ya Usenge mnaijua. Mkifika, msimwambie mmesoma mahali. Mwambieni mmeishika.